Kutaka Ruhusa ya Bila ya Malipo Wakati wa Karafuu



Mikarafuu imeanza kuonyesha maua machanga, na kama ilivyo kila yanapoonekana, barua na simu zimeanza kufika ofisini kwetu kutoka kwa wanachama walioajiriwa mbali na mashamba yao. Yuko wa hoteli za Unguja, yuko wa maduka ya Dar es Salaam, yuko mwalimu wa Tanga, na yuko karani wa hapa hapa kisiwani ambaye shamba lake ni mwendo wa saa moja tu lakini mkuu wake wa kazi hampi nafasi. Wote swali lao ni moja: vipi mtu ataacha kazi ya mshahara kwa wiki mbili tatu, akachume karafuu zake, kisha arudi aikute kazi ile pale pale alipoiacha?

Jambo hili twataka kulieleza leo kwa urefu, maana msimu uliopita tulilifanya vibaya sisi wenyewe, na mwanachama wetu mmoja akapata hasara kwa ajili yetu.

Mwanachama huyo alikuwa mfanyakazi wa hoteli katika pwani ya mashariki ya Unguja. Alitujia karafuu zimekwisha kuwa nyekundu mtini, akatutaka tumwandikie barua. Tukamwandikia kwa karatasi ya Chama, na muhuri tukaupiga, ya kwamba aachiliwe kwa wiki tatu "kwa dharura ya mavuno". Tukiisoma leo nakala ile twaona haya. Haikuwa barua ya kuomba, ilikuwa kama hukumu. Naye akaipeleka kwa msimamizi wake Alkhamisi, na Jumamosi akapanda meli, akidhani kuwa barua yetu ndiyo ruhusa yenyewe. Aliporudi alikuta kitanda chake katika nyumba ya wafanyakazi kinalaliwa na mwingine. Meneja alitujibu kwa mistari miwili tu: kwamba karafuu huchumwa kila mwaka, basi dharura yake ni ipi, na kwamba yeye hakumwajiri Chama, alimwajiri mtu.

Hatukuwa na la kumjibu. Kamati imekata shauri kwamba tangu sasa Chama hakitamwandikia mwajiri wa mtu yeyote barua ya kumtakia ruhusa. Tutamsaidia mwanachama aandike yake mwenyewe, tutaisoma, tutaisahihisha, lakini jina chini ya barua litakuwa lake.

Yatupasa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe ni nini. Likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi, imo katika sheria na hulipwa mshahara. Likizo ya maradhi na ya uzazi nazo zimo katika sheria. Ama ruhusa ya bila ya malipo kwa ajili ya shamba haimo katika hesabu hiyo. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mwajiri akuachilie ukachume karafuu. Ni mapatano baina ya watu wawili. Yeye akubali kukaa bila ya wewe, na wewe ukubali kukaa bila ya mshahara. Kwa hiyo mwenye kuingia kwa tajiri wake akidai, huwa amekwisha kupoteza nusu ya maneno yake kabla hajakaa kitini. Sisi tuliosoma chuoni tukiwa watoto twakumbuka kwamba hata kutoka nje kidogo hakuna mtoto aliyesimama akaenda zake. Alitaka idhini kwanza, na mwalimu alijua atarudi.

Tena ijulikane kwamba sheria ya kazi ya Bara na ya Zanzibar ni mbili mbalimbali, na moja haivuki bahari. Hapa kwetu iko Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Wanachama walioko Dar es Salaam na Tanga wako chini ya sheria ya Bara ya 2004, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6. Sheria hiyo yampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwamo ndani yake, na yasema kwamba mwajiri ndiye anayepanga likizo ile ichukuliwe lini. Neno hili la mwisho wengi hawalijui, huja kutuambia "likizo ni yangu, nitaichukua nipendapo". Likizo ni yako, ndiyo, lakini tarehe yake si yako peke yako.

Na liko jambo jingine la Bara linalostahili kusomwa mara mbili. Katika kanuni za utendaji bora zilizotangazwa mwaka 2007, kukosekana kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ya ruhusa, wala sababu ya kukubalika, kumehesabiwa ni kosa zito linaloweza kumfukuzisha mtu. Siku tano! Karafuu zenyewe hazikauki vizuri katika siku hizo kama kuna mawingu. Mwenye kuondoka kwa kusema "nitawaeleza nikirudi" na aipime safari yake kwa kipimo hicho.

Sasa tuje katika njia yenyewe. Kabla hujaomba ruhusa ya bila ya malipo, tazama kwanza kama una siku za likizo ya mwaka ambazo hujazitumia. Twashangaa kuona ni wangapi wanaokuja kutaka ruhusa ya bure huku wana siku kumi na tano, ishirini, zimelala. Siku hizo zina mshahara! Zitumie hizo mwanzo, na zikipungua ndipo uombe za bila ya malipo za kuongezea. Mwajiri naye huona wepesi kukubali siku nane za ziada kuliko ishirini na nane. La pili, tazama kama waweza kubadilishana zamu na mwenzio. Hapa wafanyakazi wa hoteli wana taabu yao na pia wana bahati yao. Taabu ni kwamba karafuu za mwaka zinapoanza kuiva, mnamo Julai na Agosti, hoteli za pwani huwa zimejaa wageni. Na za vuli zikiivia mwishoni mwa mwaka, wageni huwa wamejaa tena. Bahati ni kwamba katika masika, Aprili na Mei, wageni ni haba, na hoteli nyingine hufunga milango kabisa. Basi mfanyakazi mwenye shamba na afike kwa msimamizi mapema, aseme: mwenzangu huyu ataka kupumzika Mei na mimi nitashika zamu zake, naye atashika zangu Agosti. Twawajua wanachama wawili waliofanya hivi, na mmoja wao hakuhitaji hata siku moja ya bila ya malipo.

Wakati wa kuomba ndio jambo ambalo watu wetu hukosea zaidi ya yote. Mkarafuu hauleti habari ya ghafla. Huonyesha maua yake machanga miezi kadhaa kabla ya kuchumwa, na mwenye shamba, au nduguye aliyeko shambani, aweza kuyaona kwa macho na kujua kama mwaka huu mna kitu au hamna. Kwa nini basi ombi lifike kwa mwajiri karafuu zikiwa zimekwisha kupiga wekundu? Omba miezi miwili kabla, au usipoweza, mmoja. Mwajiri mwenye miezi miwili atafuta kibarua wa kushika nafasi. Mwenye siku mbili hana la kufanya ila kukataa.

Ugumu uliopo, nasi twaukubali, ni kwamba siku hasa ya kuiva haijulikani. Mvua ikichelewa au jua likizidi, tarehe husogea wiki moja mbele au nyuma. Na karafuu hazingoji: zikifunguka maua mtini thamani yake imekwenda. Tena haziivi zote kwa pamoja. Shada hili liko tayari na la pembeni yake bado bichi, ndiyo maana mti mmoja hurudiwa mara mbili, tatu. Kwa sababu hii hatuwashauri kuomba wiki tatu za mfululizo kwa tarehe iliyofungwa. Ombeni hesabu ya siku iliyofungwa, na tarehe ya kuanza iachwe ndani ya wiki fulani, kwa ahadi ya kumjulisha mwajiri siku kumi kabla. Na bora zaidi, gawanyeni siku zile mafungu mawili: fungu kubwa kwa mchumo wa kwanza, na fungu dogo kwa marudio. Mwajiri hapendi kukaa bila ya mtu wiki tatu, lakini wiki mbili kisha moja huzivumilia.

Katika kuhesabu siku msisahau vitu vitatu. Kwanza ni safari: meli ya kwenda Mkoani au Wete huweza kuahirishwa kwa upepo. Pili ni kuanika: karafuu zikishachumwa na kuchambuliwa makonyo, zataka siku nne tano za jua zuri juu ya majamvi, na mvua ikinyesha ziongezwe. Tatu ni kituoni, maana wakati wa wingi kuna foleni ya mizani. Mtu aliyehesabu siku za kuchuma peke yake huondoka karafuu zikiwa bado laini, akamwachia mtu mwingine kuziuza, na huko ndiko ambako mali hupungua njiani.

Twende kwenye fedha, maana hapa ndipo penye uamuzi hasa, na watu wengi huamua kwa moyo badala ya kalamu. Tuseme mwanachama analipwa shilingi 390,000 kwa mwezi, naye afanya kazi siku sita kwa wiki. Siku za kazi katika mwezi ni kama 26, basi siku moja yake ni shilingi 15,000. Akiomba siku 18 bila ya malipo, amekosa 270,000. Juu ya hizo aweke nauli ya meli, na kama ni wa hoteli aweke na bakshishi za wageni. Kisha akumbuke kwamba mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara hauna likizo. Mwezi ule mshahara ukija nusu, makato huja mazima. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF kwetu au NSSF Bara, huhesabiwa kwa mshahara, kwa hiyo nayo itapungua kwa mwezi huo. Na ulizeni juu ya bima ya matibabu, hasa wenye watoto wadogo, kama itaendelea katika siku zile.

Upande wa pili wa daftari ni karafuu, lakini msiandike thamani ya karafuu zote. Hili ndilo kosa. Andikeni zile tu ambazo zingepotea kama usingekwenda. Kwa mfano, mtu ana mikarafuu kumi na minne, naye apata kilo 40 kavu. Nduguye yuko nyumbani, na bila ya yeye angeweza kuokoa kilo 30. Basi faida ya safari yake ni kilo 10, si 40. Tuchukue shilingi 14,000 kwa kilo kwa ajili ya hesabu tu: ni 140,000, kabla ya kutoa ujira wa wachumaji. Amepoteza 270,000 kwa ajili ya kuokoa 140,000. Huyu abaki kazini kwake, ampelekee nduguye fedha za wachumaji, na asubuhi na jioni ampigie simu. Lakini yuko mwenye miti sitini na mama mzee peke yake nyumbani. Kama atapata kilo 180, na bila ya msimamizi theluthi yake iharibike au ipotee, hizo ni kilo 60, yaani shilingi 840,000. Huyu akiomba ruhusa tutamwelewa, na mwajiri wake akiona hesabu hii pengine atamwelewa pia.

Tumeona wengine wakiona uzito wa kuomba wakatafuta njia ya mkato: cheti cha maradhi. Hatutaki kulizungumza hili kwa kirefu. Mwaka mmoja mtu aliyeandikiwa kupumzika kwa maumivu ya mgongo alipigwa picha juu ya ngazi, upembo mkononi, akicheka, na picha ile ikafika katika simu ya msimamizi wake kabla ya magharibi. Alipoteza kazi, na waliobaki pale wakitaka ruhusa ya kweli hawaaminiwi mpaka leo.

Kabla ya barua yaanze mazungumzo. Mwendee msimamizi wako wa karibu kwanza, usimruke ukaenda kwa mkubwa, maana yeye ndiye atakayebeba kazi yako, na yeye ndiye atakayeulizwa. Mwendee saa ya utulivu. Kwanza mweleze nani atashika kazi yako, halafu ndipo umweleze haja yako. Waajiri wengi hawajapata kuliona shamba la karafuu, hasa wageni. Mtu aweza kumweleza kwa maneno machache kwamba mazao haya huja kwa wingi miaka mingine na miaka mingine hayaji kabisa, kwamba hayangoji mtini, na kwamba ndiyo ada ya skuli ya watoto na paa la nyumba. Asitie chumvi. Wala neno "dharura" asilitumie. Tumekwisha kuona lilivyojibiwa.

Baada ya hapo ndipo ije barua. Mfano huu waweza kufuatwa, kila mtu akatia yake:

"Kwa Meneja,
K.K. Msimamizi wa Idara ya Jikoni.

Yah: Kuomba ruhusa ya siku kumi na nane bila ya malipo

Kwa heshima naomba ruhusa ya siku 18 za kazi bila ya malipo, kwa ajili ya kuvuna karafuu katika shamba la familia yangu lililoko Pemba. Siku zangu za likizo ya mwaka nimekwisha kuzitumia mwezi wa Machi.

Naomba siku hizo katika mafungu mawili: siku 12 kuanzia wiki ya pili ya Agosti, na siku sita katika mwezi wa Septemba. Tarehe ya kuanza kila fungu nitakujulisha siku kumi kabla.

Nimezungumza na mwenzangu wa zamu ya usiku, naye amekubali kushika zamu zangu nne kwa wiki. Zilizobaki nimezungumza na Msimamizi juu yake. Nitapatikana kwa simu kila siku baada ya saa kumi na mbili jioni.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, na jibu lieleze kwamba nafasi yangu ya kazi na hesabu ya utumishi wangu vitabaki kama vilivyo.

Wako mtiifu,"

Mstari ule wa mwisho juu ya nafasi na utumishi usiachwe. Ruhusa ya mdomo ni nzuri mpaka siku msimamizi atakapohamishwa. Toeni nakala ya barua, mwenye kuipokea atie sahihi na tarehe juu ya nakala yenu, na jibu likija liwekwe pamoja nayo. Akijibu kwa ujumbe wa simu, msiufute. Watumishi wa Serikali wao barua yao ipitie kwa mkuu wa skuli au wa kitengo, ifike kwa mkuu wa taasisi, na wasiondoke mpaka jibu la huko juu limerudi. Mkuu wa skuli kusema "nenda tu" hakutoshi, japokuwa amesema kwa wema.

Na akikataa? Muulizeni kwa adabu kama ni siku zenyewe au ni wakati. Mara nyingi ni wakati, na fungu dogo la Septemba hupatikana hata kama lile la Agosti limekataliwa. Ikiwa hapana kabisa, basi ni hapana, na ibaki kumwandikia ndugu mmoja mwaminifu karatasi ya kumpa usimamizi, iliyoshuhudiwa na sheha, yenye kutaja idadi ya miti na ujira wa wachumaji. Kuuza karafuu zikingali mtini hatukushauri ila mtu amekosa njia zote. Mnunuzi anayenunua mtini hukadiria kwa faida yake, naye ana haki ya kufanya hivyo kwa kuwa hasara pia ni yake.

Tungependa kuongeza neno kwa wanachama ambao wao wenyewe ni matajiri, wenye maduka, gari za abiria, au watunza shamba. Msimu huu huu vijana wenu nao watakuja na maombi. Tumesikia mwanachama mmoja, mkali sana katika mkutano wetu juu ya waajiri wasio na huruma, alimnyima kijana wake wa dukani siku tatu za kwenda kumsaidia bibi yake kuanika. Hatumtaji, yeye mwenyewe atajijua.

Ama yule mwanachama wetu wa hoteli, Kamati ilimwendea yule meneja mwezi wa Januari, safari hii bila ya muhuri, kumwomba radhi kwa barua yetu. Alitupokea vizuri akatupa chai. Nafasi ya zamani haikuwapo tena, lakini alisema msimu wa wageni ukifunguka Juni apeleke maombi yake, na kama ana shamba aseme tangu siku ya kwanza. Maombi hayo yamekwisha kupelekwa, na mlango wa Agosti umeandikwa ndani yake.

Wanaotaka barua zao zisomwe kabla ya kupelekwa wazilete ofisini Jumamosi asubuhi, baina ya saa mbili na saa tano. Walioko mbali wazipige picha watutumie. Leteni na hesabu yenu ya miti na mshahara, maana bila ya hizo hatutaweza kuwaambia lolote la maana.

Katibu wa Chama